Dang'a Iliyomwagwa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa msaidizi katika zahanati moja ya Isiolo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushika rula. Ukutani palikuwa na mchoro wa utumbo, na kila Jumanne niliwaonyesha akina mama mahali adui anapoingilia na mahali askari wanapokaa. Niliwaambia kwamba utumbo si bomba la kupitisha chakula tu. Ndani umepakwa ute, na nyuma ya ute huo kuna askari wa mwili wengi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huko ndiko virusi na sumu hupenda kubisha hodi. Mtoto mchanga huzaliwa na ukuta wa utumbo, lakini askari wake bado hawajui kazi. Ndipo mama humwazima wa kwake: yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, yanayoitwa dang'a, yana kingamwili tele zinazosimama kwenye ute na kuvikamata virusi kabla havijagusa ukuta. Basi yasimwagwe. Akina mama waliitikia vizuri sana, wakaenda nyumbani wakayamwaga.

Sikuwalaumu, maana hata mimi nilikuwa nimemwaga. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kabla sijaajiriwa, nyumbani, mtaani Chechelesi, mikononi mwa mama mkwe wangu, Mborana wa kutoka Kulamawe aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa na asiyependa kuulizwa maswali. Kwake dang'a ilikuwa maziwa yaliyolala kifuani miezi tisa yakaharibika. Alinikamua, akamwaga nyuma ya choo, na kwa siku tatu mtoto akapewa maji ya mtoni yenye sukari na samli kidogo ya kusafisha tumbo. Siku ya kumi akaanza kuharisha. Siku ya kumi na saba tukamzika. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikasema vivyo hivyo, halafu nikaenda kuomba kazi zahanati. Nilitaka kujua mapenzi hayo hupitia wapi.

Ungedhani mtu wa rula angejifungulia hospitali mara ya pili. Mpango ulikuwa huo. Lakini uchungu ulinishika alfajiri, mume wangu akiwa njiani na lori kuelekea Moyale, na mtoto hakungoja usafiri. Alikuwa msichana, mzima, mwenye hasira. Mama mkwe akasema alhamdulillahi, akampangusa, akamfunga kwa leso, kisha akaja na vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa na maji ya sukari. Kingine kilikuwa kitupu, na nilijua ni cha nini.

Nikampa somo lote, kuanzia ute mpaka kingamwili. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua iishe.

"Mambo ya zahanati ni ya zahanati," alisema. "Hii maziwa iko na rangi ya usaha. Mtoto atakunywa usaha?"

Mke wa mwana habishani na mama mkwe, hasa akiwa amelala chali na kitovu cha mtoto kimekatwa sasa hivi na mama mkwe huyo huyo. Nilimkumbatia msichana wangu. Niliogopa. Niliogopa kwamba ningemzika wa pili kwa sababu ya adabu.

Mbuzi akalia uani. Mmoja wa mbuzi wake alikuwa amezaa, na alikuwa akimpiga mateke mwanawe kila alipojaribu kusimama. Mwanamke mzazi anaweza kungoja, mbuzi hawezi. Mama mkwe aliweka vikombe chini akatoka. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akichuchumaa, akamfunga mbuzi mguu, akamfungua yule mwanambuzi kinywa na kumkamulia ndani, tone kwa tone, maziwa mazito ya manjano. Huku akimtukana yule mbuzi kwa Kiborana.

"Mama," nikamwita, "hiyo si chafu? Mwaga."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili.

"Akikosa hii, tumbo yake itabaki wazi. Kila kitu itaingia. Ataharisha mpaka akufe. Hata mtoto mdogo anajua hiyo."

Lilikuwa somo bora kuliko langu, na alilitoa bila mchoro. Baadaye nilisoma kwamba kwa mbuzi kinga hiyo hupenya utumbo na kuingia kwenye damu, ilhali kwa binadamu sehemu kubwa hubaki utumboni ikilinda. Sikumwambia kamwe.

Aliendelea kukamua. Kisha mikono yake ikasimama, na akabaki amechuchumaa pale muda mrefu, mpaka mbuzi mwenyewe akaacha kulia. Alipoinuka alinawa mikono, akaingia, akavisukuma vile vikombe kando kwa mguu.

"Mpe," alisema.

Nikamweka mtoto kwenye ziwa. Mama mkwe akakaa sakafuni, mgongo wake kwangu.

"Ile ya yule wa kwanza," akasema, "ni mimi nilimwaga."

Zahanati ilikuwa imenifundisha kwamba kuharisha kuna njia nyingi, na hakuna anayeweza kuapa mtoto fulani alipatwa kupitia ipi. Nikamwambia huenda yalikuwa maji tu, yale ya mtoni.

"Maji pia nilimpa mimi."

Hilo nilikuwa nalijua, ila sikuwa nimelifikiria kabla ya kufungua mdomo. Nikatafuta neno lingine la kumpoza, na lililopatikana lilikuwa la kweli.

"Na mimi nilikufungulia kifua, mama. Tulifanya pamoja."

Akalia kwa sauti, jambo ambalo hakufanya siku ya mazishi. Nami nikalia. Msichana hakutujali, akaendelea kunyonya.