Sigara Haikunipa Sauti

Kuna siku moja ya kulima naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ilikuwa kijijini Kaniha, mvua za kwanza zimelainisha ardhi. Nilikuwa kijana, nimehamia kutoka Shinyanga na mke wangu Kabula, jembe moja na mdomo wangu. Usicheke. Mdomo huo ndio ulionipa jina, maana mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji wa kundi letu la kulima. Sisi Wasukuma hatulimi kimya. Mwimbishaji akitupa wimbo, majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Wimbo ukikatika, kila mtu analima lake, na mgongo unakumbuka kwamba unauma.

Nami nilikuwa mvuta sigara hasa. Sijanawa uso, nimeshawasha. Mtu akinisema, namjibu, "Hii ndiyo inayonipa sauti." Niliamini kabisa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini ujinga huo sikuutoa shuleni. Mtu akipenda kitu atakitafutia sababu tu.

Siku hiyo tulimlimia mjane mmoja, Bibi Nyanzala. Tuko katikati ya shamba, wimbo umekolea, nikavuta pumzi nipandishe sauti. Haikupanda. Kikatoka kikohozi, kikanishika mpaka nikaegemea jembe. Majembe yakasimama moja moja. Bibi akanitazama, mikono kiunoni.

"Wewe baba, nilikuita unilimishie shamba. Umekuja kulikoholea?"

Shamba zima likacheka. Vicheko havijaisha, sauti nyingine ikauokota wimbo pale nilipouangusha. Kabula. Mke wangu mwenyewe! Alitulimisha mpaka mwisho wa shamba, na maneno aliyoyatunga papo hapo yalikuwa ya mwanaume anayefuka kama tanuri la matofali.

Jioni nikamwambia anirudishie wimbo wangu.

"Nani kakunyang'anya?" akasema. "Moshi na wimbo vinapita mlango mmoja. Chagua kipi kipite."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaacha. Niseme kweli: nilijaribu kuacha. Mazoea yana taabu. Kichwa kiliniuma, nikagombana hata na ng'ombe, mkono ukawa unapapasa mfuko wa shati wenyewe. Nikaupa kazi; nikasokota kamba za katani mpaka majirani wakauliza nataka kumfunga nani. Wiki ya pili nikajificha nyuma ya kichuguu nikavuta moja. Kabula akanusa, hakufoka. "Kuteleza si kuanguka," alisema, "ila usitandike mkeka hapo ulipoteleza." Nikainuka, na sikuvuta tena.

Kikohozi kikapungua polepole. Chakula nacho kikaanza kuwa na ladha. Nilidhani Kabula kajifunza kupika, nikamwambia hivyo, na hilo lilikuwa kosa jingine kubwa.

Msimu uliofuata nilisimama tena kwa Bibi Nyanzala, nikapandisha sauti, ikapanda mpaka nikaiogopa. Lakini Kabula alikuwa ameshaonja uimbishaji, hakukubali kukaa pembeni. Basi tukaimbisha wote wawili, mimi natupa, yeye anadaka, na vijiji vya jirani vikawa vinatuita.

Mwanangu, wewe unayesema utaacha baada ya mavuno, nakujua, maana nilikuwa wewe. Usingoje hamu iishe ndipo uache. Acha kwanza, hamu itachoka kukufuata. Waambie wa nyumbani kwako wazi, uone aibu kurudi nyuma. Mkono upe kazi. Ikikushinda nenda zahanati ukaseme, hapo hapana aibu yoyote, siku zetu hatukuwa na wa kumuuliza. Ukiteleza, inuka siku ileile. Wala usiseme umechelewa. Kifua kina shukrani kuliko watu: ukikitendea wema leo, hakikumbuki sana ubaya wa jana.

Mungu akupe kifua chepesi, akupe na miaka mingi ya kukitumia, na wanaokupenda wasichoke kukucheka mpaka ukae sawa.