Kimbunga cha Daraja la Kwanza

Kusanyikeni, ndugu zangu, mtege masikio.

Juzi, katika soko la mbuzi la Kathonzweni, nilimkuta nyanya mmoja akiwauza mbuzi wake wote kwa bei ya hasara.

"Redio imesema kimbunga cha pwani ni daraja la kwanza," alimwambia mnunuzi. "Namba wani ndiyo kali zaidi. Kikifika, hawa wataangamia."

Mnunuzi alitikisa kichwa kwa huzuni, lakini mkono wake ulikwisha kuishika kamba.

Mwalimu wa jiografia aliyesimama karibu alitabasamu. "Susu," akamwita bibi huyo kwa Kikamba, "hii si mitihani ya shule. Vimbunga huhesabiwa kutoka chini. Cha kwanza hung'oa mabati na kuvunja matawi. Cha tano ndicho hubomoa nyumba. Tena upepo huo huishiwa nguvu ukipanda bara. Huku tutapata mvua tu."

"Mvua tu?" Nyanya akamgeukia mnunuzi, akaivuta kamba. "Basi wewe, nirudishie mbuzi wangu. Huzuni yako ubaki nayo."

"Mimi nilijua," mnunuzi akanong'ona, "lakini hakuniuliza."

Tulicheka, nami nikamshukuru Yeye aliyeukemea upepo baharini. Lakini enyi mnaojua na kunyamaza ili mvune katika hofu ya jirani, tubuni leo. Semeni kweli kabla kamba haijafika mikononi mwenu.