Simu kwenye Kompyuta ya Mapokezi

Mimi hulipwa kuiba, kisha nieleze nimeibaje. Benki na vyama vya akiba huniita nijaribu kuingia kwenye mitambo yao kabla wezi wenyewe hawajaingia. Mama yangu huwaambia watu wa kanisani kwamba natengeneza kompyuta, nami sijawahi kumsahihisha.

Chama kimoja cha akiba, chenye ofisi kuu Beni, mtaa wa Beu, kilinituma nikalipime tawi lao la Butembo, huko Kimemi, bila wafanyakazi kujua. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na jenereta ya tawi ilinguruma uani. Kwetu, ofisi yenye jenereta haimnyimi mtu chaji. Hata muuza ndizi akija na simu yake, inachomekwa. Ukikataa, mtaa mzima utakuita mchoyo.

Nikaingia nimekunja uso. Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba nina mgonjwa Beni na simu yangu imezima. Soketi zote zilikuwa zimejaa simu za majirani. Akanipa pole, akaichomeka simu kwenye kompyuta yake mwenyewe, akanisogezea kiti, akanimiminia chai. Simu ile nilikuwa nimeiandaa: ikishachomekwa tu, inaiamuru kompyuta inifungulie mlango. Chai haijapoa, nilikuwa nikiziona akaunti za wanachama kwenye kompyuta niliyoipakata. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona fundi.

Kwenye ripoti sikuandika jina lake. Niliandika "kompyuta ya mapokezi", nikadhani nimemsitiri, wakati mapokezi yale yalikuwa na mtu mmoja tu. Nilipendekeza wafanyakazi wafundishwe, na matundu ya kompyuta yafungwe. Mkurugenzi wa chama akachagua dawa isiyo na gharama: akamfukuza. Nilipompigia mkurugenzi kumsihi amrudishe, alinijibu kwamba kazi yangu imekwisha. Ningeweza kwenda Beu nikabishane naye uso kwa uso. Sikwenda, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka huu nilipita tena Kimemi, mama yangu akiwa amelazwa hospitali Beni, na simu yangu imezima njiani. Niliona kibanda cha kuchaji simu, paneli ya jua juu ya bati. Mwenye kibanda alikuwa yeye, dada wa mapokezi. Nilitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Leta, papa, niiweke ku courant," alisema.

Akaichomeka kwenye umeme na kunisogezea kiti, vilevile kama siku ile. Nikaanza kumwomba msamaha kwa kumpotezea kazi. Akanikatiza, bila hasira yoyote.

"Nakuuliza kitu moya tu. Ile siku, simu yako ilikuwa imezimika ya kweli?"

"Hapana, mama. Ilikuwa imejaa."

"Na mugonjwa?"

"Mugonjwa hakukuwa."

Akapanga nyaya zake mezani. Nadhani angeweza kunisamehe kazi. Ile pole aliyonipa bure ndiyo ilimuuma. Simu ilipowaka nikaichukua haraka nimpigie dada yangu aliye hospitalini, na nikamweleza mwenye kibanda kwamba leo mgonjwa yupo, ni mama yangu mzazi.

"Aya, papa," alisema, akageukia simu ya mteja mwingine.

Hakunipa pole.