Mawe ya Kocha

Ilikuwa mwaka wa 2019. La, Mzee Ndululu anakosea. Ilikuwa 2022, maana watu walikuwa wameanza kutupa barakoa. Yeye ni mlinzi wa lango katika shule ya wasichana huku Kasikeu, Makueni, na kwa miaka ishirini alimtazama kocha wa hoki akifanya kazi yake. Kocha hakuwa mtu wa filimbi. Alipiga makofi tu kwa viganja vyake vikavu, na kabla msichana yeyote hajashika gongo, wote waliinama kuokota mawe uwanjani na kuyarundika pembeni, yeye mwenyewe akiwa mbele.

"Mwalimu, tumekuja kucheza ama kulima?" walimchokoza.

"Ukianguka upasuke goti, mama, uniulize tena."

Hivyo ndivyo uwanja ule wa vumbi ulivyolainika, na rundo likapita kimo cha mtu. Halafu siku ya wazazi ikakaribia. Bila hata kumwambia kocha, mkuu wa shule akaleta tingatinga, na mawe yale yale yaliyookotwa kwa miaka ishirini yakamwagwa uwanja mzima, eti magari ya wageni yasikwame kwenye matope! Ni akili gani hiyo? Na mvua yenyewe iko wapi Makueni?

Jioni kocha alifika na magongo begani. Alisimama, kisha akainama kwa mazoea, akaokota jiwe moja na kugeukia pembeni. Rundo halikuwapo.

"Madam," akamwambia mkuu wa shule, aliyekuwa pale akikagua kazi, kwa sauti yake ile ya chini, "hili nalo niliweke wapi?"