Mwisho Hauonyeshwi Hadi Viti Vinane Vijae

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla muuguzi wa kwanza hajavaa glovu, Mama Itaendelea yuko juu ya kigoda anafuta kioo cha televisheni. Anakifuta kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu, na ole wake atakayekiazima kupangusia meza. Sakafu ya wodi imeshapigwa deki. Viti vinane vya kulalia vimepangwa nusu duara, kila kimoja na mashine yake ya kusafisha damu pembeni, na vyote vinatazama ukuta mmoja.

Mfukoni mwa gwanda lake la kijani kuna flashi. Leo hataki hata kuiweka mezani.

"Nimekaa nayo miezi mitatu," anasema akishuka kigodani. "Leo hapatoshi humu ndani."

Ndani ya flashi hiyo kuna dakika ishirini za mwisho za filamu ya Kikorea. Mwizi, polisi na bibi harusi wamekwama kwenye lifti, na mmoja wao amemeza pete ya almasi. Wagonjwa wa zamu ya asubuhi waliitazama hadi hapo, ikazimwa. Tangu siku hiyo wanamsubiri mwenzao mmoja, seremala, aliyeondoka kwenda kupandikizwa figo. Akifika leo kwa miguu yake, wataona nani kaimeza. Asipofika, hawaoni.

Kwa mtu wa nje hiyo ni adhabu. Wodini hapa ni sheria, na aliyeitunga ni mhudumu huyu anayepiga deki. Jina lake la kwenye kitambulisho wagonjwa hawalijui wala hawana haja nalo.

Kabla ya kuja hospitali, alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa sinema. Kazi ilimtaka asimame mlangoni na fagio lake dakika za mwisho, ili taa zikiwaka tu aingie. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliona miisho. Filamu za Kihindi, za Kichina, za Kiitaliano, za mapigano, za mapenzi, za mizimu, zote alizijua mkia bila kichwa.

"Nilijua nani kafa," anasema, "sikujua alikuwa nani wala kafa kwa kosa gani. Nilikuwa narudi nyumbani nimelia kwa ajili ya mtu nisiyemfahamu."

Ukumbi ulipofungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, akaanza kuzitafuta filamu zile ili aone mianzo. Anakiri kwamba nyingine zilimvunja moyo, kwa kuwa mwanzo aliokuwa ameutunga mwenyewe kichwani ulikuwa mtamu zaidi.

Alipopata kazi ya uhudumu, televisheni ya wodi ilikuwepo, ikionyesha taarifa ya habari bila sauti kwa watu ambao tayari walikuwa na habari mbaya za kuwatosha. Akamwomba sista mkuu ruhusa ya kuweka filamu. Sista mkuu akasema sawa, mradi sakafu isilale chafu.

Kuchagua filamu za wodi hii si mchezo. Mshahara wake ukishatoa kodi ya vyumba viwili na nauli, kinachobaki hakitoshi kujaribu jaribu, hivyo filamu hupita kwanza mbele ya hakimu wa nyumbani, mama mkwe wake. Bibi huyo hajui kusoma, na Kikorea au Kituruki kwake vyote ni kelele, lakini akisinzia kabla ya nusu, filamu hiyo haivuki mlango wa hospitali.

"Huyu mwenye kofia mwongo," bibi alimwambia juzi, akimnyooshea kidole mtu wa kwenye kioo. "Mtazame anavyokula. Mtu mkweli hali hivyo."

Mara nyingi huwa sahihi, na Mama Itaendelea anakula kiapo kwamba hamnong'onezi.

Ipo pia sheria ya maji, iliyotokana na kosa lake mwenyewe. Siku moja alileta filamu ya Kifaransa, nzuri ajabu, kuhusu mtu aliyepotea jangwani. Hakukumbuka kilichomo katikati. Yule mtu alifika kisimani, akainua ndoo, akanywa, akanywa, maji yakimtiririka kidevuni. Mgonjwa wa figo hupimiwa maji kwa kikombe. Hata mate huyameza kwa hesabu. Wodi nzima iliguna kama mtu mmoja.

"Mama, tumekukosea nini?" aliuliza mwalimu mstaafu wa kiti cha tatu. Filamu ikatolewa palepale. Tangu hapo hakuna visima, hakuna mito, na harusi zenye vinywaji anazipeleka mbele haraka.

Damu, kinyume chake, haiwatishi hata kidogo. Filamu za kutisha ndizo wanazocheka zaidi. "Yangu naiona inazunguka kwenye mpira kila nikija," anasema muuza matunda wa kiti cha tano. "Hao wanapiga kelele kwa tone moja, wanafanyiwa nini?"

Kwa wasioweza kufuata maandishi ya chini, mwalimu husoma kwa sauti. Tatizo ni kwamba amefundisha imla maisha yake yote. "Nakupenda, nukta," husoma bila kupepesa macho. "Ondoka mbele yangu, alama ya mshangao." Filamu za mapenzi za Kijapani zimeponea chupuchupu mikononi mwake, lakini wenzake wanasema siku hizi wakiangalia nyumbani bila nukta hawaelewi.

Sheria ya mwisho ilizaliwa kwa bahati. Mama Itaendelea alileta filamu ya Kihindi ndefu kupindukia, na saa nne za mashine zikaisha bwana harusi akiwa bado njiani. Wagonjwa wakakataa kutolewa sindano.

"Watu wanaohesabu dakika ili watoke!" sista mkuu anakumbuka. "Nilidhani wamerogwa. Ikabidi nizime televisheni mwenyewe, nikatukanwa na watu wazima."

Siku iliyofuata ya matibabu walijaa wote kabla ya wakati, na kati yao alikuwemo muuza matunda, mtoro sugu ambaye mkewe alikuwa akimleta kwa kumshika mkono. Mhudumu akaona. Kuanzia hapo filamu ikawa inakatwa pale inapouma, na mwisho kuonyeshwa safari inayofuata. Akaongeza na sharti: mwisho hauanzi hadi viti vyote vinane viwe na watu, na kila mtu awe ameshaunganishwa na mashine yake. Ndipo wakambatiza jina.

Utoro kwenye wodi kama hii si jambo dogo. Matibabu ni mara tatu kwa wiki, na anayekosa, maji humjaa mwilini hadi kifuani. Wanaokosa si wajinga. Wamechoka.

Seremala alichoka mwaka jana. Alikosa Jumatatu, akakosa Jumatano, na habari zikaja kwamba amegawa randa zake na misumeno yake kwa mafundi wenzake. Ijumaa kiti chake kilikuwa kitupu tena. Filamu iliyokuwa imesimama ilikuwa ya Kituruki, ya upelelezi: hakimu kauawa chumbani mwake, mlango umefungwa kwa ndani.

Wagonjwa saba waliunganishwa. Televisheni ikabaki nyeusi.

"Hakuna aliyelalamika," anasema mwalimu. "Hilo ndilo lililonitisha. Tulikuwa tunatazama ukuta, kila mtu anamwaza yule bwana." Akaomba simu, akaweka sauti ya nje.

Binti wa seremala alipokea. Alisema baba hataki kuongea na mtu.

"Mwambie hatutaki maongezi," mwalimu alijibu. "Tunataka kujua anafika saa ngapi. Tumeshachomwa sindano tunaangalia ukuta."

Sauti ya seremala ikasikika kwa mbali, ikihema. "Wekeni tu. Mimi nimeshamaliza."

"Hatuwekewi!" muuza matunda alidakia. "Huyu mama ana roho ngumu. Kasema bila wewe hakuna."

Seremala akauliza, "Haya, niambieni mimi basi. Nani alimuua hakimu?"

Vichwa saba vikamgeukia mhudumu, maana ndiye peke yake aliyejua.

"Sikwambii, kaka," alisema.

Simu ikakatwa.

Mama Itaendelea anasema alikwenda kwenye chumba cha ndoo, akafungua bomba ili wasimsikie, akalia. "Nilijiuliza, asiporudi je? Nimemnyima mtu anayekufa neno moja tu. Mara tatu nilichukua simu nimpigie nimwambie. Mara tatu nikairudisha. Niliogopa sana siku ile, sitaki kukudanganya."

Haikupita saa moja, mlango ukafunguliwa. Seremala aliingia ameegemea bega la binti yake, miguu imevimba hadi amevaa ndala za mkewe, uso umemwiva kwa hasira.

"Nani," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno, "alimuua hakimu?"

"Sindano kwanza," sista mkuu akamjibu.

Filamu ilipowekwa, muuaji akawa mpishi. Seremala alitangaza kwamba alijua tangu mwanzo, na hadi leo hakuna mtu wodini aliyemwamini.

"Watu wanadhani nilirudi kwa ajili ya filamu," anasema mwenyewe. "Filamu ni filamu tu. Nyumbani nilikuwa nimejiona mzigo, kila mtu ananizunguka kwa kunyata. Halafu nasikia kuna watu saba wana sindano mkononi wanagombana kwa sababu yangu. Nikamwambia binti yangu, nipe ndala."

Wiki ile ile aliacha kumkatalia mdogo wake, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwomba wapimwe kama figo zao zinalingana. Zikalingana.

Siku aliyoaga kwenda kupasuliwa, aliomba apewe mwisho wa ile ya Kikorea ya lifti. "Nikifia kule je?" alimwuliza mhudumu.

"Ndiyo maana sikupi," akajibiwa. Wenzake wakakubaliana papo hapo kwamba filamu nyingine zitaendelea kama kawaida, ila hiyo itamngoja.

Sista mkuu hapendi mambo yatiwe chumvi. "Filamu si dawa. Dawa ni mashine," anasema. "Lakini mashine haina uwezo wa kumfuata mtu kitandani kwake ikamwambia tunakusubiri." Anaongeza kwamba kwa mwaka mzima sasa, zamu ya asubuhi ndiyo yenye watoro wachache kuliko zote, na hilo analisema huku akitabasamu.

Leo, saa moja na nusu, viti vinajaa kimoja kimoja. Kiti kilichokuwa cha seremala sasa ni cha binti mshona nguo, ambaye hii ni wiki yake ya tatu. Ameshakosa mara mbili. Shangazi yake amemleta akimvuta, na mlangoni binti amesema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba leo ni mara yake ya mwisho, wasihangaike naye. Anaunganishwa akiwa ameugeuzia ukuta uso.

Saa mbili kasoro, seremala anaingia. Kwa miguu yake, kiatu kimefungwa kamba, barakoa usoni kama daktari alivyomwagiza. Mashine zinalia, watu wanalia, muuza matunda anapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Muuguzi, kwa mazoea tu, anamwambia, "Haya nyoosha mkono." Seremala anauficha mkono nyuma ya mgongo na kurudi hatua mbili, na wodi inavunjika mbavu.

Anapewa kigoda karibu na dirisha, kando ya kiti chake cha zamani.

"Hii filamu mimi sijaiona mwanzo," binti mshona nguo ananung'unika. "Sijui hata nani ni nani."

"Nipe dakika tano," seremala anamwambia. Anamsimulia lifti, polisi, pete na bibi harusi mwenye viatu vya kuazima, akiigiza sauti zote, na mwalimu akimsahihisha nukta. Katikati ya maelezo binti amegeuka kutoka ukutani bila mwenyewe kujua.

Kisha flashi inachomekwa. Mama Itaendelea haangalii kioo. Amesimama mlangoni na mopu yake kama alivyokuwa akisimama zamani, isipokuwa macho yake yako kwa watu. Pete inapotoka mahali ambapo hakuna aliyepadhania, wanapiga kelele hadi mlinzi wa getini anachungulia.

Baadaye, akikamua mopu, anaeleza anachokitaka. Uongozi umemwahidi televisheni ya pili kwa chumba cha zamu ya mchana, ambako wagonjwa wamekuwa wakituma ujumbe wa kulalamika kwamba wanabaguliwa. Ameshaanza kumlisha mama mkwe filamu mbili kwa siku. Anataka za Brazili, za Misri, za Senegali, na katuni moja ya kuchekesha kwa sababu mchana kuna mtoto wa shule. "Nataka nione vyumba viwili vimejaa," anasema. "Na vigoda vya wageni pale dirishani viwe vingi kuliko viti."

Saa zilizobaki anaweka filamu mpya, ya Kinaijeria, ya mapacha wawili wanaooa siku moja bila kuambiana. Bibi harusi mmoja anafungua mlango usio wake, na kioo kinakuwa cheusi.

"Aa! Si umalizie!" anafoka binti mshona nguo, na viti saba vinacheka.

"Jumatatu," anasema Mama Itaendelea, akitia flashi mfukoni.

Binti anatolewa sindano, anabonyeza pamba mkononi, anavaa viatu taratibu. Shangazi yake amesimama na mkoba, hathubutu kuuliza neno.

"Shangazi," binti anamwambia wakifika mlangoni, "Jumatatu tutoke nyumbani mapema. Hawa watu hawaanzi mpaka niwe nimefika."