Friji Safi Kuliko Mpya

Katika kundi la simu ambamo watu wa Garissa huuziana vitu vilivyotumika, mimi nilijulikana kwa swali moja. Mtu akiweka picha ya godoro na kuandika "limetumika miezi miwili tu, safi," kabla hata mwingine hajauliza bei, mimi nilikuwa nimeshaandika: "Safi vipi? Tuma picha ya upande wa chini." Kuna waliotuma. Kuna walioliondoa tangazo kimyakimya. Mwenye godoro mmoja alinijibu kwamba kwao hawalalii upande wa chini.

Sikuzaliwa hivyo. Nilipoletwa Garissa kufundisha, nikitoka Kirinyaga na mabegi mawili na hofu ya joto, kitu cha kwanza kununua kilikuwa jiko la gesi la afisa mmoja aliyekuwa anahamishwa. Yeye pia alikuwa ameandika "safi kabisa". Nililiwasha nipike chai, likapata moto, na mende wakaanza kutoka chini yake mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama wanafunzi wanaotoka paredi. Nikampigia yule afisa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwalimu, jiko ndilo nililokuuzia. Mende nimekupa bure."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa usafi. Niliwahi kumrudisha mama mmoja kutoka mlangoni kwangu na feni yake kichwani kwa sababu mapanga yalikuwa na vumbi, na hapo tunazungumzia Garissa, ambako vumbi limo hata ndani ya chumvi. Niliita jambo hilo msimamo. Wenzangu shuleni walikuwa na jina jingine, lakini hawakulisema mbele yangu.

Baada ya miaka tisa nikapata barua ya uhamisho, narudishwa upande wa kwetu. Vitu vingine niligawa. Friji niliamua kuiuza, na nikaamua kuwaonyesha watu wa kundi lile maana ya neno safi.

Nilichukua siku tatu. Niliizima, nikayeyusha barafu, nikatoa kila rafu na kila droo, nikasugua kwa magadi na limau. Ile raba ya mlango yenye mikunjo, ambamo watu wengi huhifadhi historia ya familia, niliipitia kwa mswaki mpya. Nikapiga picha kumi na moja. Nikaandika: "Friji ya milango miwili. Mwenyewe ni mwalimu, anaishi peke yake. Safi kuliko mpya."

Jibu la kwanza lilitoka kwa yule wa godoro. "Safi vipi? Tuma picha ya upande wa chini." Watu wakacheka sana kwa vile vikaragosi vya machozi. Mimi nikalala kifudifudi sakafuni, nikasukuma simu chini ya friji, nikapiga picha, nikatuma. Hakuna aliyecheka tena, na nilijisikia vizuri kwa siku nzima.

Kesho yake mwanamke mmoja akanipigia. "Abaayo, ile friji bado iko?" Abaayo ni dada, ndivyo wanawake wa kule wanavyoitana, na mimi kwa miaka tisa nilikuwa nimekuwa abaayo wa watu wengi. Alikuwa anauza madera sokoni. Friji hakuitaka kwa ajili ya biashara. Ilikuwa ya mama yake.

Alikuja baada ya alasiri, akiwa na kitambaa cheupe ndani ya mfuko wa karatasi. Nilimpenda papo hapo. Alifungua mlango, akafunga kitambaa kwenye kidole, akakipitisha ndani ya ule mkunjo wa raba kutoka juu hadi chini. Kitambaa kikatoka cheupe. Akaingiza kichwa ndani, akanusa. Akavuta droo ya mboga, akanusa na hiyo.

"Mashallah," akasema. "Hata kwa daktari hakuna hivi."

Tulikaa, nikampa maji. Akanieleza kwamba mama yake aliletwa kutoka Habaswein kwa sababu ya sukari, na sasa anadungwa insulini kila siku. Dawa wanaiweka kwenye mtungi wenye mchanga uliolowa, kwenye kona ya chumba. "Lakini hii joto," akasema, "mchanga unakauka mbele ya adhuhuri. Nikiwa sokoni, roho yangu iko kwa mtungi."

Nikamwambia bei, akaipunguza kidogo, nikakubali. Tulikuwa tumeshasimama ndipo aliponishika mkono.

"Abaayo, nikuulize kitu, usikasirike. Ndani ya hii friji, imewahi kaa nyama ya nguruwe?"

Sasa, ukweli ni huu. Kila Januari nilikuwa narudi kutoka nyumbani na soseji za nguruwe ndani ya kisanduku cha barafu, chini ya kiti cha basi. Nilikuwa nazifunga kwa karatasi ya foili, halafu kwa mfuko, halafu naziweka kwenye mkebe wa siagi kule nyuma kabisa ya barafu. Juu ya mkebe nilikuwa nimeandika DAWA, ili mgeni asije akafungua. Nilijiambia kuwa hiyo ni heshima kwa majirani. Soseji zilikuwa zinaisha kabla ya Pasaka.

"Hapana," nikasema. "Hapana kabisa."

Akapumua. Friji ikafungwa kwa kamba juu ya mkokoteni wa punda, imesimama wima kama bibi harusi, na yeye akaifuata kwa miguu, mkono mmoja ukiwa umeishika.

Nilijitetea vilivyo. Nilikuwa nimesugua kwa magadi. Hakuna harufu, hakuna doa, kitambaa kimetoka cheupe. Hakuna chombo duniani ambacho kingeweza kuona soseji zile. Kwa hesabu yangu friji ilikuwa safi, na mtu akinunua kitu safi amepata alichonunua. Tatizo lilikuwa lile neno "kabisa". Hapana peke yake ningeweza kuishi nayo. Kabisa niliiongeza mimi, bila kuulizwa, na lilikuwa neno lilelile la yule afisa wa jiko.

Jumapili nikaenda kanisani nikitarajia kwamba mahubiri yatanichoma. Hayakugusa uongo hata kidogo. Mhubiri alizungumzia mabati ya paa, kwa muda wa saa nzima. Nilitoka nikiwa na hatia yangu mkononi, haijapata pa kuwekwa, na badala ya kurudi nyumbani nikakodi tuktuk mpaka kwa yule dada.

Walinikaribisha kama mgeni wa maana. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, macho makali, tasbihi mkononi. Friji ilikuwa mahali pa heshima chumbani, imefunikwa juu kwa kitambaa cha kufuma. Dada akaifungua anionyeshe: vichupa viwili vya insulini kwenye rafu ya mlango, na jagi la maziwa ya ngamia. Basi. Kila kitu kingine kilikuwa kitupu na kinang'aa.

"Tangu ifike, hooyo hajaangalia mtungi," akasema. Hooyo ndiye mama.

Chai ikaletwa. Sikuweza kuinywa. Nikasema, "Nilikudanganya. Nguruwe iliwahi kuwekwa humo. Soseji. Miaka kadhaa."

Dada akaweka birika chini.

"Jana si jana, juzi, nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema kabisa."

"Ndiyo."

Mama akauliza kitu kwa Kisomali. Binti akamjibu kwa maneno machache, na nikaona lile jicho kali likihama kutoka kwa binti kuja kwangu na kukaa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu: nitarudisha pesa yote, nitalipa mkokoteni, nitaondoka. Nikaanza kuyasema. Mama akainua mkono.

"Hooyo anauliza," binti akasema, "ilikuwa wazi ama ilifungwa?"

"Ilifungwa. Mara tatu."

"Ulifunga kwa nini?"

"Ili mtu asijue."

Binti akatafsiri. Mama akatikisa kichwa polepole, akasema neno fupi.

"Anasema, basi ulikuwa unajua siku zote."

Nimefundisha darasani miaka mingi, na sijawahi kumsahihisha mwanafunzi vizuri hivyo.

Nikarudia habari ya kurudisha pesa. Mama hakutaka. Insulini itakwenda wapi, akauliza, irudi mchangani? Akaagiza apigiwe shekhe. Binti akampigia, akaeleza, akasikiliza, akakata simu. Shekhe alikuwa amesema kwamba ikiwa nyama ilifungwa na haikuigusa friji, hakuna tatizo, na kama moyo hautulii basi waoshe mara moja tu, inatosha. Mama akasikiliza jibu hilo kwa adabu. Kisha akasema kwamba shekhe hana dawa yake ndani ya friji hii. Itaoshwa mara saba, na ya kwanza kwa udongo, kama inavyooshwa najisi nzito.

Nikavua viatu. "Nitaosha mimi," nikasema.

"Tutaosha sote," binti akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Wewe ukiosha bekee yako, nani ataamini hesabu?"

Insulini ikarudishwa kwenye mtungi, mchanga ukamwagiwa maji. Tukaichomoa friji, tukaitoa uani, tukaiegemeza kwenye ukuta penye kivuli. Binti akaleta udongo mwekundu, akauchekecha kwa chekecheo la unga, akaulowesha ndani ya karai. Halafu mimi, niliyetumia siku tatu na mswaki mpya, nikachota tope kwa viganja na kuipaka friji yangu ndani, rafu kwa rafu, mpaka kwenye mikunjo ya raba. Ilikuwa inaniuma kweli. Kila nilipoona pahali peupe mkono wangu ulikuwa unasita, na kila uliposita mama alikuwa anagonga mkeka kwa kidole.

Tukasuuza. Tukaosha ya pili, ya tatu. Mama alikuwa anahesabu kwa tasbihi. Baada ya kitambo binti akasema tumefika sita, mimi nikasema tano, na nikajishangaa kwamba nimepunguza badala ya kuongeza. Mama akaangalia shanga zake, akasema ni tano. Binti akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nilipokiri bila ile sura ya sokoni, ya kumshuku mteja.

Ni katika ya sita ndipo aliposema tuigeuze, maji yaliyobaki nyuma yatoke. Tukaigeuza. Pale nyuma, chini ya mashine, palikuwa na kisinia kidogo cheusi cha kukingia maji yanayotona kutoka ndani. Miaka yote ile sikujua kwamba kipo. Binti akakivuta. Kilikuwa na kitu kama uji, cha kijani pembeni na cheusi katikati, kimeota manyoya. Harufu ikafika kabla yetu.

Tukakitazama wote wawili.

"Abaayo," akasema taratibu, "hii siyo nguruwe. Hii ni wewe."

Mama akataka kujua kimesemwa nini. Akatafsiriwa. Alicheka mpaka tasbihi ikamwanguka, akajifuta macho kwa ncha ya shungi lake, akataka arudiwe tena. Mimi nilisimama na tope mpaka kwenye viwiko, na kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda, nikacheka pia.

Kile kisinia nilikiosha peke yangu, na hakuna aliyedai kuhesabu. Tulipomaliza ya saba, tuliianika friji mpaka ikakauka, tukaisubiri itulie, tukaichomeka. Ilipoanza kuunguruma mama alisema kitu ambacho binti hakunitafsiria, lakini sauti ilikuwa ya kushukuru. Vichupa vikarudi kwenye rafu ya mlango. Nikaletewa chai nyingine, na hii niliinywa yote, na canjeero tatu, mikate yao laini kama chapati, juu yake.

Wakati wa kuaga nilimwambia binti kwamba ana haki ya kuandika chochote kuhusu mimi kwenye kundi, na sitajitetea. Akasema ataandika ukweli. Nikafika nyumbani nikakuta ameandika: "Nimenunua friji ya mwalimu. Iko safi sasa."

Lile neno "sasa" lilifanya kazi yake. Watu waliuliza maswali mpaka nikaizima simu. Safi sasa vipi? Kwani mwanzoni ilikuwaje? Yule wa godoro aliandika mara nne. Dada hakuwajibu, na mimi nikatimiza ahadi yangu. Siku tatu baadaye nikapakia mabegi yangu, ambayo sasa yalikuwa matano, nikapanda basi.

Nilikuwa na wiki mbili katika shule mpya, nikitetemeka kwa baridi ya huku, yule dada aliponipigia. Ilikuwa saa ya mapumziko, kelele ya watoto kila upande.

"Abaayo, asubuhi insulini ilikuwa baridi sana, karibu igande. Ile kifungo ya ndani nizungushe wabi?"

"Umeiweka namba ngapi?"

"Tano."

"Tano ni kali. Weka mbili. Halafu hivyo vichupa usivisogeze nyuma, viache mlangoni. Subiri mpaka kesho, uangalie. Kama vimewahi kuganda usitumie, mpeleke hooyo hospitali wampe vingine."

"Hazikuganda. Ni baridi tu." Nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa, kisha kifungo kikizungushwa. "Mbili," akasema. "Nimeweka."

Nyuma yake mama alikuwa anauliza ni nani kwenye simu, na binti akamwambia.