Taarifa ya Theluji Niliyosoma Kaloleni

Binti yangu ni muuguzi Ulaya, katika nchi ya milima. Mamake alipofariki, nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya Kaloleni, naye akabaki peke yake kule. Baadaye alipata marafiki kazini, wakamfundisha kupanda milima wakati wa baridi kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, mbali na njia zinazolindwa. Nilipomuuliza kuhusu hatari, hakunificha.

"Theluji huporomoka, Baba. Inaweza kumfukia mtu."

Alinionyesha mahali taarifa ya theluji hutolewa kila siku. Nikawa naisoma kabla ya chai. Nilijifunza kwamba hatari hupimwa kuanzia moja hadi tano, na kwamba mteremko unaweza kuonekana umetulia kumbe umelalia tabaka dhaifu la chembe zisizoshikana. Hilo la tabaka lilinisumbua. Nikachukua sinia, nikamwaga sukari, nikashindilia unga juu yake, kisha nikainua upande mmoja polepole. Mwanzoni hakuna kilichosogea. Ghafla unga ukakatika, ukashuka wote kwa pamoja. Nilisimama na sinia mkononi, nikatamani angekuwepo mtu wa kumwonyesha.

Jirani yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alinisikiliza kwa adabu.

"Si ni kama hii barafu ya kuwekea samaki, Mzee?"

"Ile ni laini zaidi."

"Basi Mungu atamlinda," akasema, akaendelea kuanika omena.

Jumamosi moja taarifa ilitaja kiwango cha tatu: upepo ulikuwa umelundika theluji mpya juu ya tabaka dhaifu. Nilijua binti yangu na wenzake wangetoka siku hiyo. Nilimpigia, hakupatikana. Adhuhuri pia hakupatikana. Niliketi kivulini, shati limelowa jasho, nikimwaza mwanangu chini ya theluji. Ndipo nilipotambua kwamba sikujua hata jina la mmoja wa wale aliokuwa nao. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alipiga jioni.

"Baba, tulirudi kabla ya kufika."

Walikuwa wakikaribia mteremko theluji ilipozama chini ya miguu yao kwa kishindo kizito, na ufa ukakimbia mbele yao: tabaka dhaifu lilikuwa limevunjika. Aliyekuwa akiongoza alitaka waendelee, kwa kuwa kibanda cha kupumzikia kilikuwa karibu.

"Nikamwambia mimi narudi. Nikageuka. Nilitembea kitambo bila kusikia mtu nyuma yangu."

"Halafu?"

"Halafu wakaja."

"Uliogopa?"

"Theluji niliiogopa. Lakini niliogopa zaidi kurudi peke yangu."

Nilimwomba anitumie majina ya wenzake na namba zao, akakubali. Kisha nikasikia akifungua bomba.

"Unafanya nini?"

"Nachemsha maji ya chai, Baba."

Nami nikaenda jikoni na simu sikioni, nikawasha jiko. Hatukuwa na mengi ya kusema, ila hakuna aliyekata.